Mashabiki wa Western Bulldogs na timu nyingine za AFL: tupeane uzoefu wa kungoja

Mwana_Kigoma (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za Jumapili. Jambo hili limenikaa rohoni tangu msimu wa 2025 ulipoisha kwetu, na najua humu tupo wengi wa Melbourne magharibi, Perth na Adelaide tunaofuatilia mpira wa Australia, ule wa ligi ya AFL, si soka. Naomba tupeane uzoefu: timu yako uliipataje, na ilipokuvunja moyo ulibaki nayo kwa sababu gani? Naanza mwenyewe.

Mimi ni wa Bulldogs, timu ya Footscray, mtaa wa magharibi mwa Melbourne. Sikuichagua. Nilifika Melbourne 2012, nikapata nyumba Braybrook, na jirani yangu alikuwa bibi wa Kizungu aliyezaliwa mitaa hiyo hiyo. Wiki ya kwanza alileta keki. Wiki ya pili akaleta skafu nyekundu, nyeupe na bluu, akanifunga shingoni kama anavyofungwa mtoto anayekwenda shule. Kwake hilo halikuwa suala la kujadili: umehamia huku, basi timu yako ni hii.

Mimi nimekulia kwenye Simba na Yanga. Kuona watu 18 kila upande wanakimbiza mpira wenye umbo la yai kwenye uwanja wa duaradufu, bila sheria ya kuotea, nikadhani ni vurugu. Bibi akanifundisha pale sebuleni kwake. Ukipiga kwa mguu ukapita kati ya nguzo mbili ndefu ni pointi 6. Ukipita kati ya nguzo ndefu na fupi ya pembeni ni pointi 1. Mpira uliopigwa mita 15 au zaidi ukiudaka kabla haujagusa chini, unapewa nafasi ya kupiga bila kuguswa. Kwa mkono haurushwi, unapigwa ngumi. Robo nne, na king'ora kikilia mpira ukiwa mikononi mwako baada ya kudaka, bado pigo lako linahesabika. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyonikamata.

Halafu akanisimulia 1989. Hapa naomba wadau msome polepole, maana bila hili huwezi kuielewa timu hii. Mwaka ule Footscray, jina la timu yetu wakati huo, ilikuwa na madeni, na wakubwa wa ligi wakaamua iunganishwe na Fitzroy, timu nyingine ya Melbourne. Jina la timu mpya lilishatangazwa. Wakazi wa magharibi, watu wa viwandani, madereva, akina mama wa nyumbani, wakakataa. Mwanasheria kijana, Peter Gordon, akasimamia mapambano. Shabiki wa kawaida, Irene Chatfield, akakubali jina lake litumike kufungua kesi mahakamani. Wengine wakabeba makopo na kuchangisha sarafu mitaani. Bibi alikuwa na kopo lake. Anasema siku moja mzee aliyekuwa hana kazi aliweka nauli yake ya treni humo, akarudi kwao kwa miguu. Fedha zikapatikana, timu ikabaki. Fitzroy hawakuwa na bahati hiyo: baada ya msimu wa 1996 waliunganishwa na Brisbane, wakahamia kilomita zaidi ya elfu moja na mia tatu kutoka mtaani kwao.

Kwa hiyo mtu akiniambia timu yetu ina makombe mawili tu tangu iingie ligi kuu 1925, mimi najibu kwamba kuna la tatu, lile la makopo.

Makombe yenyewe ni 1954 na 2016. Katikati ni miaka 62. Na tusidhani kwamba miaka yote hiyo walikuwa wabovu, hapana, hilo lingekuwa rahisi kulibeba. Kuanzia 1985 hadi 2010 walifika mara saba kwenye mechi ile ya mwisho kabla ya fainali kuu, na mara zote saba wakapoteza. Ya 1997 walifungwa na Adelaide kwa pointi 2. Bibi hataki kuizungumzia hiyo. Ukiitaja anainuka kwenda kuchemsha maji ya chai.

Mwisho wa 2014 nahodha alitaka kuondoka, kocha akajiuzulu, na mimi nikasema basi, nimepewa skafu ya msiba. Akaja kocha mpya, Luke Beveridge. Msimu wa 2016 tukamaliza nafasi ya 7. Kabla yetu hakuna timu iliyowahi kuchukua ubingwa kutoka nafasi hiyo. Tukaenda Perth tukawapiga West Coast. Tukarudi tukawatoa Hawthorn, mabingwa wa miaka mitatu mfululizo. Tukaenda Sydney tukawashinda GWS (Greater Western Sydney) kwa pointi 6. Tarehe 1 Oktoba, fainali kuu: Bulldogs 89, Sydney Swans 67.

Tiketi sikupata. Nilikuwa Whitten Oval, uwanja wetu wa zamani, mbele ya skrini kubwa pamoja na maelfu ya watu, na bibi nimemkalisha kwenye kiti cha kukunja. Robo ya mwisho mchezaji wetu Tom Boyd alipiga mpira kutoka mbali sana, golini hakuna mtu, ukadunda, ukadunda, ukaingia. Bibi hakupiga kelele. Alinishika mkono akaubana mpaka ukaniuma. Wakati wa kugawa medali kocha akamwita jukwaani Bob Murphy, nahodha aliyeumia goti mwanzoni mwa msimu na kukosa yote hayo, akavua medali yake mwenyewe ya ukocha, akamvisha. Pale watu wazima walilia, na mimi nikiwemo.

Haya, leteni yenu.

Nesi_wa_Sunshine

Asante kaka kwa mada. Mimi ni wa Nakuru, niko huku mwaka wa kumi na tatu. Siku hiyo ya 2016 nilikuwa zamu ya mchana. Wodini tulikuwa na mzee aliyekuwa uwanjani 1954 akiwa kijana mdogo, alienda na babake. Alikuwa mgonjwa sana na daktari alitaka apumzike. Familia yake ilikuwa imefunga skafu kwenye ile stendi ya dripu, na sisi tukaiacha hapo.

Saa nane na nusu mechi ikianza, tuliweka redio ndogo kando ya mto wake, sauti ya chini. Kila nikipita kumpima presha ananiuliza matokeo, ingawa redio iko sikioni mwake. Nadhani alitaka kusikia kutoka kwa mtu. Mimi hata sikuwa shabiki! Nilikuwa nikikimbia chumba cha wauguzi kuangalia kwa simu ndipo nirudi nimwambie. Filimbi ya mwisho ilipolia nilimkuta amefunga macho, nikashtuka. Akafungua, akasema tu "Dad", basi.

Tangu hiyo siku mimi ni wa Bulldogs. Sijawahi kujieleza kwa mtu mpaka leo.

Mtoto_wa_Uvira

Salamu bandugu wote. Sisi tuko Werribee, tulitoka Kongo tukapita kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mke wangu yeye alipita ile ya Kakuma. Ndani ya nyumba yetu kuna timu mbili kwa sababu hiyo. Mke wangu ni wa Port Adelaide kwa ajili ya Aliir Aliir, huyo beki aliyezaliwa Kakuma, wazazi wake wa Sudan Kusini. Mwaka 2021 aliingia katika kikosi bora cha Australia nzima. Mke wangu siku alipoambiwa mtu huyu amezaliwa kambini mule, alisimama mbele ya televisheni, akasema: yule naye alipanga foleni ya maji. Hakuna Bulldog atakayemtoa kwa Port tena.

Mtoto wangu wa kiume yeye ni Bulldogs kabisa, anavaa namba 4 ya Marcus Bontempelli hata akilala. Nilimpeleka Whitten Oval kuona sanamu ya Ted Whitten. Akaniuliza huyu ni nani. Nikamwambia ndiye mukubwa wa timu hii, alicheza fainali ya 1954, na mwaka 1995 akiwa mgonjwa, macho hayaoni tena, walimzungusha ndani ya gari kwenye uwanja mukubwa wa MCG, watu wote wamesimama wanamupigia makofi. Mtoto akauliza: kama haoni, alijuaje kama watu wamesimama? Sikuwa na jibu. Nilimwambia alisikia.

Na musisahau kwamba mchezaji bora wa ile fainali ya 2016, Jason Johannisen, amezaliwa Afrika Kusini. Watoto wetu wanahesabu vitu hivi.

Mzee_wa_Perth

Mwana_Kigoma umeandika 2016 vizuri, sasa mimi nibebe 2021, maana nilikuwepo.

Fainali kuu, sisi na timu ya Melbourne (Demons), ililetwa Perth kwa sababu mji wa Melbourne ulikuwa umefungwa na korona. Mashabiki halisi wa Footscray walikuwa majumbani kwao hawaruhusiwi kutoka, na mimi dereva wa lori wa Mwanza nimekaa Optus Stadium kwa niaba yao, watu elfu 61 na kitu. Rafiki zangu wa Melbourne walinipigia simu asubuhi: piga kelele zetu zote. Nilizipiga.

Robo ya tatu Bontempelli akafunga, tukawa mbele kwa pointi 19. Nikasema kombe hili. Kilichofuata sijakiona tena kwenye mchezo wowote. Melbourne wakafunga, wakafunga, mpira ukirudishwa katikati wanaunyakua tena, mpaka robo inaisha wametuzidi kwa 24. Robo ya mwisho wakaongeza magoli tisa, sisi moja. 140 kwa 66. Nilikaa mpaka mwisho kabisa kwa sababu nilikuwa nimetumwa.

Nyuma yangu alikaa mwanamke wa Melbourne Demons. Wao walikuwa wamengoja tangu 1964, miaka 57. Alikuwa analia huku ananiomba radhi. Nilimpa mkono, nikamwambia dada, zamu yenu.

Shangazi_Tabu

Mmezungumzia wanaume watupu hapo juu, ongezeni hili: Bulldogs wanawake walichukua ubingwa Machi 2018, wakawafunga Brisbane 27 kwa 21, mvua inanyesha. Binti yangu alikuwa na miaka tisa, nikamfunika koti langu la mvua, mimi nikalowa. Mwaka uliofuata aliomba viatu vya mpira. Sasa anacheza timu ya mtaa, mabega yamempanuka, anadaka mpira juu ya vichwa vya watu. Mama yangu kule Tanga nikimtumia video anauliza kama atapata mume. Namwambia mama, tazama anavyodaka kwanza.

Kibuyu

Samahani, naona tunaisifu sana timu hii. Mimi ni Bulldogs tangu 2015 na nina hasira. Baada ya 2016 mpaka 2025, mwaka ambao tumeshinda hata mechi moja ya mtoano ni 2021 peke yake. 2022 tuliongoza Fremantle kwa pointi 41, tukafungwa. 2024 Hawthorn wakatutoa mechi ya kwanza ya mtoano. 2025 tumeshinda mechi 14, tukamaliza wa 9, na walioingia mtoano mwaka huo walikuwa wanane. Historia ya makopo naiheshimu, lakini inatumika kama blanketi. Kila tukikosea tunafunikwa 1989. Bontempelli ni mchezaji wa aina inayokuja mara moja katika kizazi, na miaka yake inakwisha.

Mwana_Kigoma

Kibuyu, nakubaliana nawe kuliko unavyofikiri. Hilo ndilo hasa lililonifanya niandike. Mwaka 2025 tulikuwa tunawachinja wanyonge kwa mabao ya kutisha, tukikutana na wale wa juu tunafungwa. Mechi ya mwisho ya msimu tulihitaji kuwafunga Fremantle nyumbani, tukashindwa. Timu inayoshinda mechi 14 halafu inatazama mtoano kwenye televisheni haina haki ya kusema bahati mbaya. Tatizo letu liko nyuma, kwenye ulinzi, na limekuwa hapo miaka mingi; mbele tuna watu wa kufunga hadi tunachoka kuhesabu.

Ila kwenye blanketi tunatofautiana. Wale wa 1989 hawakuchanga ili tusamehe. Walichanga ili tuwepo wa kulalamika. Mashabiki wa Fitzroy wangelipa chochote wapate wikendi moja ya kukasirikia timu yao mtaani kwao. Kwa hiyo kasirika ndugu yangu, andika barua klabuni, nami naandika. Uanachama lipa.

Kwa Beveridge sijui niseme nini, 2016 alinipa siku ambayo sitaipata tena, na sitaki kuwa mtu wa kusahau. Lakini deni lile si la milele.

Kibuyu

Uanachama nimelipa mkuu. Tangu Oktoba.

Nesi_wa_Sunshine

Kaka, na yule nyanya jirani, bado yuko?

Mwana_Kigoma

Yupo dada. Yuko kwenye nyumba ya wazee sasa, macho yamefifia, televisheni kwake ni vivuli tu. Mechi zinazoangukia siku nisipokuwa kazini naenda, nakaa upande wa sikio lake zuri, namtangazia. Nimejifunza kutaja nani kadaka, upepo unavuma wapi, maana asiposikia upepo ananikemea.

Siku ya Fremantle nilimtangazia mpaka king'ora. Nikanyamaza, sikujua nianzie wapi. Akauliza ratiba ya mwakani inatoka lini. Nikamwambia kwa kawaida ni Novemba. Akaniambia nichukue kalamu nimwandikie kwenye kalenda yake ya ukutani, kwa herufi kubwa.