Wakuu naomba ushauri: programu ya Fortran tuliyorithi ofisini, niihamishie Python au niiache?

Mtoto wa Bonde
Wakuu habari za jioni. Niende moja kwa moja kwenye mada.

Nipo kwenye taasisi moja (naomba nisiitaje) inayohusika na mambo ya maji. Tuna programu ya kukadiria mafuriko. Unaipa mvua ya kila siku na vipimo vya bonde, yenyewe inakupa kiasi cha maji kitakachopita mtoni. Aliiandika mzee mmoja mwishoni mwa miaka ya 80 kwa lugha ya programu ya Fortran 77, mistari kama elfu sita hivi, na mpaka leo ndiyo tunayoitegemea. Inakaa kwenye kompyuta ya Windows XP kwenye kona, imebandikwa karatasi USIZIME. Juzi umeme ulikatika, ikagoma kuwaka mpaka fundi alipoipigapiga ubavuni.

Swali langu ni fupi tu. Niihamishie lugha ya Python, au niibakize Fortran niijenge upya kwenye mashine mpya? Bosi anataka jibu wiki hii na usingizi sina. Matusi pembeni tafadhali.

Kibajaji
Nimewahi siti ya mbele. Ngoja wajuzi waje.

Nyundo
Python mkuu, hakuna mjadala. Fortran IBM waliitoa 1957, hata uhuru hatujapata. Ukiondoka hapo ofisini nani ataisoma? Python kijana yeyote anaijua. Mimi natengeneza mifumo ya maduka, kuna mteja alikuwa na mfumo wa zamani hivyo hivyo, nikafuta wote nikaandika upya, leo ananiletea mchele kila sikukuu.

Dada Takwimu
Nyundo punguza mwendo, duka na mto ni vitu viwili. Halafu hiyo Python unayoisifia, ukiiambia numpy (maktaba yake ya hesabu) itatue milinganyo, kazi yenyewe inaangukia LAPACK, maktaba ya hesabu iliyotoka 1992 ikiwa imeandikwa kwa Fortran 77. Jack Dongarra, mmoja wa walioijenga, alipata tuzo ya Turing ya 2021, ile kubwa ya watu wa kompyuta, kwa kazi za namna hiyo. SciPy, maktaba nyingine ya Python, nayo ilibeba MINPACK, QUADPACK, ODEPACK, vitu vya Fortran vya miaka ya 70 na 80, na wenyewe wamekuwa wakivihamishia lugha ya C kipande kwa kipande kwa woga mkubwa. Na hao ndio wanaovijua.

Mleta mada, kwenye mashine mpya umeshaijaribu? Majibu yanalingana na ya XP?

Mtoto wa Bonde
Asante dada. Ndiyo, nimeshaijenga kwenye laptop yenye Linux. Mwanzoni gfortran (kompaila, ile inayogeuza msimbo uwe programu) iligoma, ikadai vitu ninavyopitisha kwenye sabrutini, vile vipande vya programu vinavyoitwa kwa jina, havilingani aina. Nikaweka -std=legacy, yaani ikubali uandishi wa kizamani, ikapita. Majibu yanakaribiana. Lakini hayo tuyaache, swali langu ni Python au Fortran.

Mama Mpunga
Poleni na majukumu. Mimi ni mtu wa kilimo, na sisi tuna DSSAT, ile ya kuigiza ukuaji wa mazao. Ilitoka 1989 na tumbo lake mpaka leo ni Fortran. Tarehe zake unaandika tarakimu tano, mbili za mwaka na tatu za siku, kwa hiyo 82056 ni siku ya 56 ya mwaka 1982. Kuna mafunzo nilihudhuria, kijana mmoja akajaza tarehe kama anavyojaza fomu ya benki. Mahindi yake yakapandwa katikati ya kiangazi, yakafa yote, akabaki anamlaumu mwalimu kwamba mbegu ni mbaya. Tulicheka hadi chai ya saa nne. Kwa hiyo mwanangu usiidharau ya zamani, isome kwanza.

Dada Takwimu
"Yanakaribiana" siyo namba. Weka namba hapa.

Mtoto wa Bonde
Sawa. Kwa mvua ya usanifu, yaani ile kubwa inayotumika kupanga ujenzi, kilele cha mtiririko XP inatoa mita za ujazo 412 kwa sekunde. Laptop inatoa 367. Python inatoa 371.

Nyundo
Python ipi tena? Si umekuja kuuliza kama uhamie?

Mtoto wa Bonde
Ndiyo, ipo tayari. Niliipa akili mnemba faili kwa faili, ikaigeuza kwa usiku mmoja. Nilichotaka ni kusikia watu wenye uzoefu wanasemaje kabla sijaitangaza ofisini. Na ukiangalia, laptop na Python zinakubaliana, XP iko peke yake na ni mashine iliyochoka. Kwangu mimi aliyekosea yuko wazi.

Mwenye Mto
Mimi nimefanya haidrolojia muda mrefu. Swali moja tu ndugu yangu: hizo namba zinakwenda wapi?

Mtoto wa Bonde
Zinatumika kwenye mradi wa barabara.

Mwenye Mto
Mradi wa barabara, kitu gani? Daraja? Kalavati?

Mtoto wa Bonde
Kalavati, kubwa kidogo. Ripoti imeshakwenda kwa wahandisi na ile namba ya 371. Tumeandika kwamba ni modeli ya mzee iliyoboreshwa, jina lake lipo. Kabla hamjanirukia: wahandisi wanaongeza asilimia 20 juu kwa ajili ya usalama, kwa hiyo hata kama kuna tofauti inamezwa humo. Halafu ripoti aliisaini bosi, siyo mimi.

Kibajaji
Aisee. Kumbe tupo kwenye filamu.

Mwenye Mto
Ile asilimia 20 imewekwa kwa mvua ambayo hakuna mtu ameipima, na kwa matawi na takataka zitakazoziba mdomo wa kalavati. Haikuwekwa ili imeze kosa la programu. Kutoka 412 kushuka 371 ni asilimia 10, nusu ya akiba yako umeila kabla mvua haijanyesha. Na mzee mwenyewe anasemaje?

Mtoto wa Bonde
Mzee yupo hai, yupo kwao. Sijampigia. Aliondoka hapa vibaya, aligombana na uongozi. Nikimpigia nitaonekana nipo upande wake.

Sheikh Mjukuu
Vijana mna haraka. Unachukua kazi ya mtu mzima, unaipeleka kwa mashine ikubadilishie usiku mmoja, unabandika jina lake bila ruhusa, kisha unakuja kutuuliza. Ulitakiwa kubisha hodi kwake kwanza, na kilo ya sukari mkononi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Wanjohi wa Juja
Niaje wakubwa. Kwetu pia tulikuwa na kitu kama hiki, modeli ya joto la ziwa. Mimi nilienda kwa jamii ya Fortran-lang, ile ilianza 2020, ni watu wazuri sana lakini kuna jinsi ya kuwauliza. Mara ya kwanza nilirusha faili yote nikasema "haifanyi kazi, nisaidieni". Kimya. Hata salamu sikupata. Baadaye nikapunguza mpaka mistari kama thelathini inayoonyesha shida, nikaweka namba ya toleo la kompaila, nikasema nilitarajia nini na nimepata nini. Kabla chai haijapoa jamaa wawili walikuwa wameanza kubishana kuhusu mistari yangu. Wale watu hawapendi stori, wanapenda kitu wanaweza kukimbiza kwa mashine yao. Na usiwaambie Fortran imekufa, utajuta.

Nyundo
Wanjohi, hiyo modeli ya ziwa ilipona?

Wanjohi wa Juja
Ilipona. Mimi ndiye nilihamishwa idara, haha.

Kikokotoo
Jamani mnatoa jasho bure, hii ni chai. Tena haina sukari. Mzee msiri, kompyuta inayopigwa ubavuni, kalavati, ugomvi ofisini. Huyu anatafuta maudhui. Mleta mada, kama programu ipo kweli tuambie majina ya vigeu vyake, yale inayowekea namba.

Mtoto wa Bonde
Siyo chai kaka. Mzee aliandika kwa Kiswahili: mvua, unyevu, udongo, na kadhalika.

Kikokotoo
Nimekunasa. Fortran 77 jina lisipotangazwa, likianza na herufi I mpaka N linakuwa namba kamili. MVUA inaanza na M. Mvua ya milimita 12.7 ingebaki 12, desimali zote zimekwenda na maji. Hakuna profesa angefanya hivyo. Uzi ufungwe.

Mtoto wa Bonde
Mzee hakuandika MVUA, aliandika AMVUA. Nilikuwa najiuliza hiyo A ya nini, nikadhani ni kosa la kuchapa. Hiki hapa kipande, nimekinakili kama kilivyo:

```
      SUBROUTINE UDONGO(AMVUA,AVUKE,ACHURU)
C     UNYEVU = MAJI YA TABAKA LA JUU (MM)
      UNYEVU = UNYEVU + AMVUA - AVUKE
      IF (UNYEVU.LT.0.0) UNYEVU = 0.0
      ACHURU = 0.0
      IF (UNYEVU.GT.15.0) THEN
        ACHURU = UNYEVU - 15.0
        UNYEVU = 15.0
      END IF
      RETURN
      END
```

Kikokotoo
Mh. Majina yote hayazidi herufi sita, na msimbo unaanzia safu ya saba. Sawa, programu ipo. Ile karatasi ya USIZIME bado siiamini, tupia picha.

Mzee wa Kadi
Vijana nimewasoma kimya tangu mwanzo. Mimi nilianza na kadi za kutoboa, ukiziangusha sakafuni siku imeisha. Tazameni hiyo UNYEVU. Haipo kwenye mabano, yaani haipokelewi kutoka nje. Haipewi thamani ya kuanzia. Bado mstari wa kwanza unasema UNYEVU ni UNYEVU ya jana jumlisha mvua ya leo. Ya jana inatoka wapi?

Kompaila nyingi za DOS, mfumo wa kompyuta wa kabla ya Windows, ziliipa kila kigeu nafasi yake ya kudumu tangu programu inaanza mpaka inakwisha. Ukiita sabrutini kesho, unaikuta namba uliyoiacha jana. Tulizoea tukajisahau. Kanuni ya Fortran 77 inataka uandike SAVE UNYEVU ndipo thamani ihifadhiwe. gfortran inafuata kanuni: kigeu kidogo kama hicho kinatupwa sabrutini ikimaliza, na kesho yake unaokota chochote kilichobaki kwenye kumbukumbu.

Kijana, ijenge mara mbili, moja kwa -O0 (bila kuongeza kasi) na moja kwa -O2 (kwa kuongeza kasi), utuambie kama majibu ni yale yale. Kisha ongeza -fno-automatic, inayofanya vigeu vyote vihifadhiwe kama vimeandikiwa SAVE.

Dada Takwimu
Mzee nimekuelewa mpaka nywele zimesimama. Mleta mada, angalia na kwenye Python yako. Nina hakika akili mnemba imeandika unyevu = 0.0 ndani ya fanksheni, maana Python isingekubali kigeu kisicho na thamani.

Mtoto wa Bonde
Nimejaribu. -O0 inatoa 367, -O2 inatoa 380. Nikiweka -fno-automatic zote mbili zinatoa 412.

Na Python, ndiyo, kuna unyevu = 0.0 mstari wa kwanza wa fanksheni.

Mwenye Mto
Basi kila asubuhi udongo wako unaanza mkavu. Milimita 15 za kwanza za mvua zinanyonywa upya kila siku, hata kama jana yake kulinyesha usiku kucha. Ndiyo maana kilele kimeshuka. Laptop na Python zilikubaliana kwa sababu zimesahau kitu kile kile, na XP uliyoiita imechoka ndiyo peke yake iliyokuwa inakumbuka.

Nyundo
Mimi bado nasema Python. Atoe tu hicho kigeu nje ya fanksheni.

Dada Takwimu
Python ni sawa, sijakataa. Lakini kwanza diski ya XP inakiliwa leo, siyo kesho. Ile programu ya DOS haitakubali kwenye Windows ya biti 64 kama ni ya biti 16, iweke kwenye DOSBox, programu inayoigiza kompyuta ya DOS, iendelee kupumua. Toa matokeo ya miaka kadhaa ya mvua halisi, yahifadhi, na kila utakachoandika kwa Python kilinganishwe na hayo siku kwa siku. Kilele peke yake hakitoshi. Na usidhani UNYEVU yuko peke yake, mistari elfu sita hiyo. Wahandisi wapelekewe namba sahihi kabla hawajamwaga zege.

Mtoto wa Bonde
Nimewaelewa wote. Lakini nanyi nieleweni. Nikisema sasa hivi ripoti ina kasoro, bosi atauliza nani aligeuza programu. Nafikiria kuituma kama "toleo la pili baada ya kuongeza data", inabeba 412, hakuna anayeumia. Na Python siiachi, nimeshamwahidi.

Sheikh Mjukuu
Data ipi uliyoongeza?

Mzee wa Kadi
Kijana, mpigie aliyeiandika. Ugomvi wake ni na uongozi, wewe hukuwepo. Mtu akiulizwa kuhusu programu yake ya zamani hanuni, atakuweka kwenye simu mpaka salio liishe.

Mtoto wa Bonde
Mrejesho. Simu ya mzee haikupatikana asubuhi, mchana akapokea mke wake, kasema yupo shambani nipige baada ya magharibi. Wahandisi nimewaandikia wasitumie 371, nimewapa zote mbili na maelezo ya SAVE, mistari minne tu. Bosi nimemweka kwenye nakala. Hajajibu. Python inabaki, UNYEVU nimeshamtoa nje na sasa inatoa 412. Nalinganisha siku kwa siku, msimu wa vuli bado kuna siku zinapishana, sijajua kwa nini.

Kikokotoo
Tupia hizo siku tuzione. Na picha ya karatasi.

Kibajaji
Mkuu samahani, hilo bonde ni lipi? Taja hata herufi ya kwanza. Nina ekari mbili za mpunga maeneo ya chini huko na wameshaleta mawe ya kalavati.

Mtoto wa Bonde
Njoo inboksi.