Kikundi: Ukoo wa Babu

*Jumamosi, 3 Mei*

Neema: Shikamoo Shangazi. Yule mtetea wa kishingo hatoki kiotani tangu juzi. Nikimgusa anajivimbisha, ananidonoa.

Shangazi Mpwapwa: Marahaba. Mbukwenyi wote. Huyo anataka kulalia. Ana mayai?

Neema: Moja tu. Mengine kumi na moja ninayo kabatini, hayajafika wiki.

Shangazi Mpwapwa: Hilo la chini yake toa, limeshaanza kupata joto. Usiku muwekee ya kabati yote kwa mpigo. Kila yai lichore kwa mkaa.

Kaka Juma: Si umhamishie stoo akae peke yake?

Shangazi Mpwapwa: Muache bandani. Akikaa mbali wiki tatu, siku ya kurudi wenzake wanampiga kama mgeni. Tafuta kona yenye giza, na kiota ukinyunyizie majivu. Utitiri unaweza kumkimbiza kwenye mayai.

*Jumatatu, 12 Mei*

Neema: Jamani, mayai yamekuwa 15!

Shangazi Mpwapwa: 😂 Akitoka kula, wenzake wanaingia kutaga. Ndiyo kazi ya mkaa. Yasiyo na alama ondoa kila jioni. Vifaranga vikishatoka, mama hungoja siku moja au mbili anaondoka navyo, ya nyuma yanafia ndani.

Baba Mdogo: Kumbe huko chai kwa mayai kila siku na sijaalikwa.

Neema: Karibu Baba Mdogo 🙈 Shangazi, nimemulika kwa tochi ya simu. Matatu meupe, nane yana mishipa.

Shangazi Mpwapwa: Hayo matatu toa. Viza likipasuka humo, hamtaingia bandani.

*Jumamosi, 24 Mei*

Neema: Moja limetoboka tangu asubuhi, sasa kimya. Nilimenye?

Shangazi Mpwapwa: Mkono mbali! Kinaweza kuchukua siku nzima. Ukimenya mapema damu inatoka.

*Jumapili, 25 Mei*

Neema: Saba kati ya nane!! Jogoo alisogea kuchungulia, akarukiwa usoni. Sasa wote wanapitia mbali.

Kaka Juma: 😂😂 Jogoo mzima!

Neema: Ila chakula cha vifaranga, kuku wakubwa wanakimaliza.

Shangazi Mpwapwa: Funika kwa tenga lenye matundu, vifaranga vinapenya, wakubwa wanabaki nje. Ponda mtama, ukipata mchwa ongeza. Chakula cha kutagia usiwape, chokaa yake ni nyingi. Maji weka kwenye kifuniko chenye kokoto wasizame.

Kaka Juma: Na ugonjwa wa mdondo je?

Shangazi Mpwapwa: Muulize bwana mifugo chanjo ya kwanza lini. Tone moja jichoni, na irudiwe kila miezi mitatu. Mwaka ule nilijiambia nitachanja mwezi ujao. Nilizika banda zima.

Baba Mdogo: Pole dada. Neema, yule mwenye doa kichwani ni wangu.

Neema: Baba Mdogo, kuna mwewe hapa juu ya mbuyu, naye anamwangalia huyohuyo.