Galaxy A10 ya mwaka 2019: niifanyie matengenezo au ninunue simu mpya?

Fundi Cherehani, Morogoro

Habari zenu ndugu wanajukwaa. Ninaomba ushauri wa wenye ufahamu wa simu, kwa sababu fedha ninayofikiria kuitumia nilikwisha kuipangia kazi nyingine.

Ninatumia Samsung Galaxy A10 ya mwaka 2019, yenye RAM (kumbukumbu ya kuendeshea programu) ya GB 2 na hifadhi ya GB 32. Kazi yangu ni kushona nguo za kike, na sehemu kubwa ya ofisi yangu imo ndani ya simu hiyo: wateja hunitumia kwa WhatsApp mishono wanayoitaka, vipimo vyao nimevipiga picha kutoka kwenye daftari, malipo ya awali huingia kwa simu, na wateja wa Dodoma na Dar es Salaam huonyeshwa nguo kwa picha kabla haijapakiwa kwenye basi. Kwa miaka mingi haikunisumbua hata kidogo. Siku hizi, nikipiga picha nikiwa ndani ya WhatsApp, programu hujifunga yenyewe kabla picha haijaenda, na nikiifungua tena naikuta haipo. Hifadhi imejaa kiasi kwamba kila nikipokea video lazima nifute kitu kingine kwanza. Chaji ya asubuhi haifiki saa nane mchana. Mfuniko wa nyuma nao umeinuka kidogo upande wa kulia, kiasi cha kupitisha ukucha, ingawa hilo halinizuii kufanya kazi kwa kuwa nimeivalisha kava ngumu inayoubana.

Ninazo shilingi 450,000 nilizoweka kwa ajili ya mashine ya ovaloki, ile ya kufungia kingo za kitambaa zisifumuke. Kwa sasa nguo zangu nazipeleka kwa jirani azipige ovaloki na ninamlipa kwa kila moja. Mwenzangu mmoja wa sokoni ananishauri nichukue iPhone ya mtumba, mwingine anasema nibadili betri tu nivumilie. Ninyi mngekuwa mahali pangu mngefanya lipi?

Fundi wa Simu, Kariakoo

Dada, kabla hatujafika kwenye fedha, tafadhali ivue kava hiyo leo hii. Mfuniko unaoinuka wenyewe kwenye simu ya umri huo ni betri iliyovimba. Betri za lithiamu zikichakaa hutengeneza gesi ndani ya mfuko wake, gesi hiyo ikakosa pa kutokea, na betri ikaanza kusukuma mfuniko au kioo. Kava ngumu inayoubana mfuniko ndiyo inayoongeza hatari, kwa sababu betri inayobanwa inaweza kupasuka na kuwaka. Usiichaji usiku ukiwa umelala, usiiweke karibu na meza ya kupigia pasi, na usikubali mtu aibandue kwa ncha ya kisu au bisibisi huku ikiwa na chaji nyingi. Ipeleke kwa fundi anayejua kazi yake, na betri iliyotolewa muachie yeye. Isitupwe jalalani wala isichomwe moto.

Kwa hiyo gharama ya betri si jambo la kuchagua. Hata ukinunua simu mpya kesho, hii ya zamani haiwezi kukaa ndani ya nyumba ikiwa na betri hiyo.

Sasa nije kwenye swali lako. Simu yako ina magonjwa manne, na hayatibiki kwa namna moja. La betri linatibika kabisa. La hifadhi linatibika nusu: picha za kamera unaweza kuzihamishia kwenye kadi ya kumbukumbu, lakini WhatsApp huweka vitu vyake kwenye hifadhi ya ndani ya simu na haikubali kuhamishiwa kwenye kadi, kwa hiyo utaendelea kufuta. Zima upakuaji wa kujiendesha wa picha na video kwenye mipangilio yake, kisha ingia sehemu ya hifadhi uangalie makundi yanayokula nafasi kubwa. Mara nyingi utakuta ni kundi moja la harusi au la ukoo. La RAM halitibiki. Picha inapotea kwa sababu kamera ikifunguka, GB 2 hazitoshi kuzibeba programu zote mbili, na mfumo unaifunga WhatsApp ili kamera ipate nafasi. RAM imechomelewa kwenye bodi ya simu, hakuna fundi atakayekuongezea. La nne ni masasisho, yaani maboresho ya mfumo yanayotumwa na kampuni: A10 ilitoka na Android 9 na ikaishia Android 11, na masasisho yake ya usalama yamekwisha kukoma. Mimi ninaishi kwa kutengeneza simu, na hii ningekushauri uiwekee betri kisha uifanye simu ya akiba, kazi uihamishie kwingine.

Mkaazi wa Kibokoni, Mombasa

Ninakubaliana na fundi juu ya betri. Ila juu ya simu ya mtumba sioni sababu ya kuikataa moja kwa moja, hasa kwa mtu ambaye nguo zake zinauzwa kwa picha, maana kamera ya iPhone ya miaka kadhaa iliyopita bado hutoa rangi ya kitambaa ilivyo, na mteja wa mbali hununua rangi kabla ya mshono. Kinachotakiwa ni kujua unanunua toleo gani. iPhone 8 na iPhone X ziliishia kwenye iOS 16, iOS ikiwa ni mfumo wa iPhone kama Android ilivyo kwa Samsung. XR na XS ziliishia iOS 18. iPhone 11 ilipata iOS 26 iliyotoka mwaka 2025. Muuzaji atakusifia zote kwa maneno yale yale, kwa hiyo mimi nisingechukua iliyo chini ya 11. WhatsApp yenyewe tangu Mei 2025 inataka iOS 15.1 au zaidi, na ndiyo sababu iPhone 6 zimejaa sokoni kwa bei ya kutupa.

Ukiipata, fungua mipangilio ya betri usome uwezo wake uliobaki: ukiwa chini ya asilimia 80, hesabu na bei ya betri mpya. Angalia kama sehemu ya mwangaza bado ina True Tone, inayorekebisha rangi ya kioo kulingana na mwanga uliopo, kwa kuwa kioo kilichobadilishwa kwa kisicho halisi mara nyingi huipoteza. Muhimu kuliko yote, muuzaji aiondoe akaunti yake na kuifuta simu yote mbele ya macho yako, kisha wewe uiwashe upya. Simu iliyofungwa na akaunti ya mtu mwingine haina kazi yoyote kwako.

Fundi Cherehani, Morogoro

Ninawashukuru sana. Simu nimeipeleka jana ile ile na betri imetolewa. Fundi aliponionyesha ilikuwa imefura katikati kama andazi, na gundi yake imeachia upande mmoja. Nyingine ameiweka kwa shilingi 35,000, na sasa chaji inafika jioni. Nimezima pia upakuaji kama nilivyoelekezwa.

Lakini picha bado zinapotea. Swali langu limebaki moja: kwa kuwa chaji imetengemaa, je, kuna hatari ya kweli nikiendelea nayo hadi mwakani, au hayo ya masasisho ni ya watu wenye siri kubwa? Kwenye simu hiyo ninayo programu ya benki ninayowekea fedha za wateja.

Mhasibu, Mbeya

Dada yangu, naomba nilitazame jambo hili kwa upande wa biashara, kwa sababu simu na ovaloki vyote ni vitendea kazi na vinashindania fedha ile ile.

Kuhusu hatari, masasisho ya usalama huziba mianya ambayo wezi wameshaijua. Simu isiyoyapata inaendelea kufanya kazi vizuri tu, lakini kila mwaka mianya iliyo wazi inaongezeka, na anayeingia hatafuti siri zako. Anatafuta programu ya benki na ujumbe wenye namba ya kuthibitisha muamala. WhatsApp haitakufukuza karibuni, kwani kwa upande wa Android bado inakubali matoleo ya zamani kuliko hilo la 11 ulilo nalo. Programu za benki ndizo zenye desturi ya kuyaacha matoleo ya zamani mapema zaidi. Ukiamua kusubiri, basi ifute programu ya benki kwenye A10 na ufanye miamala kwa kupiga *150*00# au namba ya mtandao wako, maana huduma hiyo inapita kwenye laini na haijali simu ni ya mwaka gani. Hata kitochi kinaiweza.

Sasa, wiki hii yote weka karatasi mbili juu ya meza ya kukatia. Ya kwanza andika fedha unayompa jirani wa ovaloki. Ya pili andika kila mteja aliyekuuliza jambo ukachelewa kumjibu, au picha ikapotea, au akaamua kwenda kwingine. Ovaloki inakupunguzia gharama ya nguo ambayo tayari unayo mkononi, na simu inakuletea nguo yenyewe. Lakini uzito wa kila upande unautambua wewe, na mimi nisingethubutu kukuamulia bila hizo karatasi. Kwa mtaji mdogo ningeanza na ovaloki, kwa sababu haizeeki kwa masasisho na baada ya miaka kumi bado itauzika.

Jambo moja nalisisitiza: usichukue simu ya mkopo wa kulipa kila siku ili upate vyote viwili. Jumla unayolipa mwishoni huizidi sana bei ya taslimu, na siku biashara ikilala simu hufungwa kwa mbali, nawe unapoteza wateja wakati ule ule unapowahitaji.

Fundi wa Simu, Kariakoo

Ninamheshimu ndugu Mhasibu, ila juu ya kuanza na ovaloki natofautiana naye. Ovaloki ina mbadala hapo hapo mtaani kwa jirani, tena unalipia pale tu kazi ipo. Picha ya kipimo iliyopotea haina jirani wa kuikodisha.

Kwa fedha uliyo nayo mimi ningetafuta Galaxy A16 mpya badala ya iPhone ya mtumba. Samsung waliitoa mwishoni mwa mwaka 2024 wakaahidi masasisho ya mfumo mara sita na ya usalama kwa miaka sita, yaani hadi takriban 2030. A10 yako ilipandishwa matoleo mawili tu. Kwa simu za daraja hilo la bei ahadi ndefu kiasi hicho ni jambo geni, na kwa mtu anayenunua simu mara moja kwa miaka mingi nalihesabu kuwa kubwa kuliko kamera. Ipo yenye RAM ya GB 4 na yenye GB 6. Ukiweza ongeza kidogo upate ya GB 6, kwa sababu ugonjwa uliokusumbua ni huo huo wa RAM. Betri yake ni mAh 5,000 wakati ya A10 ni 3,400. Yapo pia mambo mawili ambayo wauzaji hawayataji: kadi ya kumbukumbu humo inachukua nafasi ya laini ya pili, kwa hiyo mwenye laini mbili atachagua, na ndani ya boksi kuna waya peke yake, bila kichwa cha chaja, na tundu lake ni la aina ya C, hivyo waya zako za zamani hazitaingia.

Simu ya 5G usiilipie zaidi kwa sababu ya 5G pekee. Huduma hiyo ilianza nchini mwaka 2022, na kwa kutuma picha za nguo 4G inatosha.

Ukifika dukani, hapo hapo kabla ya kutoa fedha piga *#06#, zitatokea namba za IMEI, yaani za utambulisho wa simu, zenye tarakimu 15. Hakikisha zinafanana na zilizoandikwa kwenye boksi, kisha tuma moja kwenda 15090 usome kama jibu linataja aina ile ile ya simu. Mwaka 2016 TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ilizima simu bandia nchi nzima, na waliozinunua hawakurudishiwa chochote. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi; bila hiyo waranti itabaki kuwa maneno ya mdomoni.

Fundi Cherehani, Morogoro

Karatasi zote mbili nimeziandika. Ya ovaloki ina jumla ninayoimudu, na jirani amekubali kunipunguzia kwa kuwa ninampelekea nguo nyingi kwa pamoja. Ya pili imeniuma zaidi, kwa sababu humo kuna mama wa Dodoma aliyetaka sare za kamati nzima ya harusi, nami sikumwonyesha kitambaa kwa wakati. Nimeamua kuchukua A16 ya GB 6, na ovaloki nitaianza upya kuwekea akiba baada ya sikukuu. Naomba mnielekeze namna ya kuhamisha mazungumzo ya WhatsApp bila kupoteza vipimo na bila kumaliza bando.

Fundi wa Simu, Kariakoo

Hilo ni jepesi. Usitegemee nakala ya Google peke yake, kwa sababu tangu mwaka 2024 nakala ya WhatsApp inahesabiwa ndani ya zile GB 15 za bure za akaunti yako, na kwa picha ulizo nazo huenda zisitoshe. Isitoshe, kuipandisha na kuishusha kutakula bando lako. Washa Wi-Fi kwenye simu zote mbili na uziweke karibu, zote zikiwa na chaji ya kutosha. Sakinisha WhatsApp kwenye A16 na uthibitishe namba yako, kisha ichague njia ya kuhamisha kutoka simu ya zamani. Kwenye A10 ingia mipangilio, sehemu ya chati, uchague kuhamisha, na uipige picha ile alama ya mraba itakayotokea kwenye simu mpya. Data itapita kati ya simu hizo moja kwa moja. Kwa GB nyingi inaweza kuchukua muda, kwa hiyo ifanye usiku ambao huna mteja, na usiguse simu hadi ikamilike.

Laini ukiihamisha, huduma ya fedha inahama nayo, lakini programu ya benki itataka kusajiliwa upya kwenye simu mpya. Picha za vipimo zilizo kwenye kamera zinakili kwenye kadi ya kumbukumbu kabla ya yote. A10 usiifute hadi umefungua kwenye A16 mazungumzo ya wateja wa zamani kabisa, ukaziona picha na kuzisikia sauti walizokutumia.