Ushauri: mpwa wangu anaitwa Mbappé wa mtaa, mimi namwona Owen. Nimzuie Jumamosi?

Mjomba wa Chuno
Wakuu, habari za jioni. Niko Mtwara mjini, na kuna jambo la mpwa wangu linaninyima usingizi.

Kijana ana miaka 16, namba tisa, yaani mshambuliaji wa kati. Mbio zake sijaona mfano wake hapa mtaani tangu nipate akili. Anachezea shule, anachezea timu ya mtaa, na tangu msimu wa korosho uanze anaitwa kwenye ndondo huko Tandahimba na Newala kwa nauli na elfu kumi, siku nyingine ishirini. Wiki iliyopita kacheza mechi nne ndani ya siku sita. Jumamosi hii ana fainali ya bonanza, na wiki tatu baadaye anatakiwa Dar kwenye majaribio ya timu ya vijana.

Sasa kila akifukuzia mpira mrefu, anarudi anatembea huku kiganja kimeshika nyuma ya paja la kulia. Haombi kutoka. Jumapili nilikaa naye chini ya mkorosho pembeni ya uwanja, dada yangu anamwekea barafu ya mfuko, nikamwambia anyooshe mguu. Haukunyooka wote. Nikamuuliza panauma? Akasema, "Hapaumi mjomba, panavuta tu."

Shemeji anataka acheze. Hoja yake, na ya kijiwe kizima, ni kwamba wachezaji vijana wa siku hizi ni chuma: Mbappé wa Ufaransa katwaa Kombe la Dunia akiwa na miaka 19, Haaland kafunga 36 msimu wake wa kwanza kwenye Ligi Kuu England, Yamal kawafunga Ufaransa nusu fainali ya Euro 2024 hajatimiza hata 17. Nikimtaja Michael Owen, mshambuliaji wa zamani wa England, wananicheka. "Yule majeruhi wa Newcastle?"

Hapo ndipo naumia, kwa sababu mimi Owen nilimwona. Tarehe 30 Juni 1998, saa nne usiku, tumebanana kwenye banda la video, England na Argentina Kombe la Dunia, jenereta linanguruma nje. Beckham akamsogezea mpira katikati ya uwanja, mtoto akauchukua na mbio zake, akampita Chamot, akamwacha Ayala, akampiga kipa Roa mpira wa juu kona ya mbali. Miaka 18! Banda zima lilisimama. Miaka 20 baadaye, tarehe ileile, Mbappé akawafunga Argentina haohao mawili. Mimi naona ni kijana mmoja aliyezaliwa mara mbili. Tofauti ni yaliyowapata baada ya hapo.

Naomba mnisaidie mawili. Kinda wa zamani tumpime na hawa wa leo kwa kipi, kwa alivyokuwa kwenye umri wao au kwa alivyomaliza? Na huyu wangu nimzuie Jumamosi?

Kuchele Damu
Kaka, waambie hao vijana Owen alishika nafasi ya kwanza ya ufungaji England misimu miwili mfululizo kabla hajafika miaka 20, mabao 18 na 18, ingawa kote aligawana na wenzake. Aprili 1999, mechi na Leeds, msuli wa nyuma ya paja ukachanika. Mwenyewe ameshasema kwamba tangu siku ile alikuwa anakimbia na misuli mitatu ya nyuma ya paja mguu mmoja na miwili mguu mwingine. Na bado 2001 akapiga mabao matatu Munich, Ujerumani wakalala 5-1 kwao, na mwaka huohuo akachukua Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora. Sasa piga picha angebaki na yote sita.

Nyavu Hazidanganyi
Mimi napingana nawe kidogo mkuu. Mshambuliaji anapimwa kwa alichoacha. Owen kaacha mabao 40 timu ya taifa na 150 ligi kuu, si haba, lakini goti lilimmalizia Kombe la Dunia 2006 dakika ya kwanza tu dhidi ya Sweden, na miaka 33 akastaafu. Hatuwezi kumpa mtu alama za mabao ambayo angefunga.

Ila shemeji yako naye kakosea. Wakati wa Owen kocha alikuwa na wachezaji watatu wa kubadilisha, leo ni watano. Mbappé akihisi panavuta, kuna jopo la madaktari linamtoa hata kama yeye hataki. Akitaka kumlinganisha mtoto na Mbappé, amlinganishe pamoja na madaktari, nyasi na msosi. Kwenye ule mchanga wa ndondo kijana wako yuko peke yake.

Mkanda Misuli
Shikamoo wakubwa. Kazi yangu ni tiba ya viungo, kwa hiyo ya Owen nawaachia.

Mjomba, "panavuta" ndilo neno wachezaji wengi wanalolitaja kabla ya kuchanika. Mguu usionyooka sawa na mwenzake tayari umeumia. Mbio kali zisimame leo, usisubiri Jumamosi. Asikandwe kwa maji ya moto wala kusuguliwa kwa nguvu siku hizi za mwanzo. Apimwe, mtaalamu aseme ni mvutano au msuli umechanika, maana siku za kupona ni tofauti kabisa. Kurudi ni hatua kwa hatua: atembee bila maumivu, akimbie taratibu, halafu nusu mwendo, halafu mbio zote. Hatua ikiuma anarudi nyuma moja.

Akishapona mfundishe zoezi hili: apige magoti, mwenzake amshike vifundo vya miguu kwa nguvu, kisha aushushe mwili mbele polepole kadiri anavyoweza bila kukunja kiuno. Linachosha na siku za mwanzo linauma, kwa hiyo aanze na machache. Limefanyiwa utafiti mwingi, linapunguza sana kuchanika kwa msuli huo.

Bao la Mkono
Tuwe wakweli, elfu ishirini ni mboga ya siku kadhaa nyumbani. Mnamwambia mtoto akae, mboga nani ataleta?

Tisa wa Masasi
Nitaleta mimi kama hakuna mwingine, mjomba nitumie namba inbox. Nilikuwa na miaka 17, panavuta hivyohivyo. Nikafungwa bandeji nikaingizwa uwanjani, dakika ya 20 nikasikia kama kamba imekatika. Waliokuwa wananiita kila wiki hakuna aliyekuja kunijulia hali. Leo naendesha bodaboda, na mvua ikinyesha paja linanikumbusha.

Kuchele Damu
Pole sana kaka. Na kwa wanaosema vijana wa leo ni chuma, wamtazame Ansu Fati. Barcelona miaka 16, goti Novemba 2020, jezi namba 10 ya Messi akapewa baadaye, na hakurudi yule tuliyemjua. Samatta wetu kafunga kwenye Ligi Kuu England akiwa na miaka 27. Mpwa wako ana miaka 11 kabla ya kufika umri huo, haraka ya nini?

Mjomba wa Chuno
Wakuu, nawashukuru kutoka moyoni. Tisa wa Masasi, nimekuandikia inbox, si kwa ajili ya hela, nataka uongee naye.

Jana usiku nilimwonyesha kwenye simu mabao yale, la 1998 na ya 2018. Alirudia la Owen mara tatu. Kisha akaniuliza, "Mjomba, huyu alikuwa na miaka mingapi alipoumia?" Nikamwambia 19. Akanyamaza muda mrefu, mkono ukashuka wenyewe kwenye paja.

Nyavu Hazidanganyi, kuhusu kipimo bado sijakubaliana nawe. Mtoto wa miaka 16 hajaacha kitu, kwa hiyo nitampima kwa alivyo sasa, na alivyo sasa mguu haunyooki. Jumamosi hachezi. Timu nimeshaiambia, kocha kakasirika. Shemeji hajapokea simu yangu tangu jana.

Kesho saa moja asubuhi tunakwenda Mitengo, hospitali ya kanda, akapimwe. Viatu vyake vya mpira viko kwangu.