Naomba ushauri: waranti ya blenda zetu kwa wateja wa Marekani

Habari zenu wadau. Tunajiandaa kuuza blenda za nyumbani Marekani, na mimi ndiye ninayeandika masharti ya waranti. Sitaki mteja azungushwe.

Sheria ya Magnuson-Moss ya mwaka 1975 haimlazimishi muuzaji kutoa waranti ya maandishi, ila ukishaitoa inakubana kwelikweli. Bidhaa ikizidi dola 10 lazima useme waranti ni kamili au ina mipaka. Ikizidi dola 15, masharti yawe kwa lugha nyepesi na mteja aweze kuyasoma kabla hajalipa. Hapo sina shida.

Kinachonisumbua ni vipuri. Mwenzangu anataka tuandike kwamba mteja akifunga kisu cha kampuni nyingine, waranti imekufa. Napinga kabisa, maana sheria inakataza kumfunga mteja kwa vipuri vya chapa yako labda uwe unampa bure, au upate ruhusa maalumu ya tume ya biashara ya shirikisho. Lakini kisu kibovu kikiunguza mota, gharama hiyo nayo si haki kuibeba sisi. Waliowahi kuandika kifungu cha namna hii, mlikiwekaje? Na fundi wenu alitakiwa kuthibitisha nini kabla ya kumkatalia mteja?

La pili: majimbo kama California yana sheria zake za waranti. Mnaandika hati moja kwa nchi nzima, au mnaongeza kurasa kwa baadhi ya majimbo? Wakili tutamwona, ila nataka niende nikiwa najua cha kumuuliza.