Mpwa wangu amehama Kanisa: je, imani yangu inaniruhusu kutetea uhuru wake?

Mjomba wa Katuba (Lubumbashi) ameuliza:

Ndugu zangu katika Kristo, ninawasalimu nyote. Ninaleta swali hili kwenu kwa sababu ukoo wetu utakutana Jumapili ijayo, na mimi, kwa nafasi yangu ya mjomba, nitatakiwa kusema neno la kuamua.

Binti wa dada yangu, mwenye umri wa miaka 26, ni muuguzi katika kituo cha afya hapa mjini. Mwaka jana aliiaga parokia yetu ya Kikatoliki akajiunga na Wakimbangu, yaani Kanisa la wafuasi wa mhubiri Mkongo Simon Kimbangu. Hakuondoka kwa ugomvi wala kwa ajili ya mchumba; alisoma, akauliza, akasali, kisha akaja kutuambia wazi. Wazazi wake wamelipokea jambo hili kama msiba. Sasa wazee wa ukoo wanataka azuiliwe diploma yake ya uuguzi na kadi yake ya mpiga kura, ambayo ndiyo kitambulisho chetu sote, mpaka arudi parokiani. Wanataka pia apelekwe kwenye chumba cha maombi na afungiwe humo siku kadhaa, na kama hilo halitasaidia, mkuu wa mtaa aombwe kuwatuma askari wamtishe kidogo. Diploma tayari iko mikononi mwa baba yake. Mimi ninatakiwa kuongoza ujumbe utakaokwenda kumwambia haya.

Ugumu wangu ni huu. Mimi ni mjumbe wa Tume ya Haki na Amani ya parokia, na sehemu kubwa ya kazi yetu ni kwenda katika ofisi za polisi na kuuliza kwa upole, lakini bila kuchoka, kwa nini fulani bado anashikiliwa ingawa saa 48 zilizowekwa na kifungu cha 18 cha Katiba ya nchi yetu, Kongo, zimepita, na mara nyingi kosa lake ni deni tu. Ninafanya kazi hiyo kwa sababu ninaamini kwamba Mungu amemuumba kila mtu kwa sura yake, na kwamba hakuna mtu anayeruhusiwa kumshika mwenzake kama mali. Simuulizi mfungwa anasali wapi kabla ya kumsemea. Nitawezaje basi kumtetea mgeni mbele ya kamanda, kisha nimfungie mtoto wa dada yangu chumbani?

Wazee wananijibu kwa hoja ninazoziheshimu. Wanasema Mkristo ameitwa ajikane nafsi yake, na kwa hiyo uhuru wa mtu binafsi ni mambo ya wanasiasa, si ya Injili. Wanasema pia kwamba roho ya mtu ina thamani kuliko diploma, na kwamba anayemwona mwenziwe akielekea shimoni humvuta kwa nguvu bila kumwomba ruhusa. Naomba mnisaidie kufikiri: je, nikitetea haki yake ya kuondoka nitakuwa ninaisaliti imani yangu, au nitakuwa ninaitii?

Mzee wa Kamalondo amejibu:

Mwanangu, umeuliza kwa heshima, nami nitakujibu kama mtu aliyebatizwa kabla ya uhuru wa nchi hii na ambaye bado anasali katika Kanisa lilelile.

Jambo la askari liondoeni kabisa. Hakuna roho iliyowahi kuokolewa na polisi, na anayemwita askari aingilie sala ya mtoto wake hajui anamfungulia nani mlango. Kufungia watu katika vyumba vya maombi nako sikubaliani nako. Ni desturi iliyotuvamia hivi karibuni, na wengi wametoka humo wakiwa wagonjwa.

Lakini sitaki ukimbilie upande wa pili. Ukoo si serikali. Sisi hatukuzaliwa kila mtu peke yake: jina ulilopewa, mke uliyemwoa, hata kaburi utakalozikwa, yote yamepita katika mikono ya wengine. Mtu akisema "hii ni dhamiri yangu" hajawafuta wale waliomlea. Wazee wetu walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, nami ninawaona wazazi wengi wa leo ambao hawamkemei mtoto kwa kisingizio cha kuheshimu uhuru wake, kumbe wanaogopa tu kuchukiwa. Tofauti kati yetu na Wakimbangu si ndogo. Kanisa lao linaadhimisha Noeli tarehe 25 Mei, na mafundisho yao kuhusu Roho Mtakatifu na nafasi ya Simon Kimbangu hayafanani na yetu. Mjomba anayenyamaza juu ya hayo hajatetea uhuru wa mtu. Amemwacha peke yake.

Kwa hiyo nenda, uketi naye, umwambie ukweli wako wote, hata kama atalia. Hiyo ndiyo haki ya ukoo juu yake.

Mama Mwanasheria (Kampemba) amejibu:

Papa Mjomba, mimi ni Mmethodisti na kazi yangu ni sheria, kwa hiyo nitasema machache, tena kwa utaratibu.

Mpwa wako ana miaka 26. Mbele ya sheria yetu mtu huwa mzima akitimiza miaka 18, na tangu siku hiyo baba, mama wala mjomba hana mamlaka ya kumchagulia ibada. Kifungu cha 22 cha Katiba ya 2006 kinampa kila mtu uhuru wa mawazo, wa dhamiri na wa dini, na kinamruhusu kuionyesha imani yake akiwa peke yake au pamoja na wengine, hadharani au faraghani, ili mradi aheshimu sheria, utulivu wa umma, maadili mema na haki za wengine. Watu wengi wanadhani maneno hayo yanaifunga serikali peke yake. Kifungu cha 60 kinasema kwamba kuheshimu haki za binadamu ni wajibu wa mamlaka za umma na wa kila mtu. Hapo ndipo ninapotofautiana kidogo na Mzee wetu wa Kamalondo: ni kweli ukoo si serikali, lakini mlango wa ukoo ukifungwa kwa kufuli humzuia mtu sawasawa na mlango wa mahabusu, na sheria yetu ya adhabu humhukumu yeyote anayemzuilia mwenzake kiholela, awe amevaa sare au hajavaa.

Kuhusu kujikana nafsi, ningependa wazee wasome tena Matendo ya Mitume, sura ya 16. Paulo na Sila walikuwa wamepigwa viboko na kufungwa Filipi bila kuhukumiwa, na kesho yake wakuu wa mji wakataka kuwaachilia kimyakimya. Paulo alikataa. Alisema wao ni raia wa Rumi, wamepigwa hadharani, kwa hiyo wakuu waje wenyewe kuwatoa. Katika sura ya 22 anamuuliza akida kama ni halali kumpiga raia asiyehukumiwa, na katika sura ya 25 anakata rufaa kwa Kaisari. Huyu ndiye aliyetufundisha kusulubiwa pamoja na Kristo, naye hakuona aibu kuidai haki yake. Na alipoidai kule Filipi, nadhani kanisa changa alilokuwa analiacha nyuma lilipata kinga pia. Mtu anaweza kujikana nafsi yake mwenyewe. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba amkane mwenziwe kwa niaba yake.

Katekista wa Likasi amejibu:

Ndugu Mjomba, umenigusa, kwa sababu mji wenu wa Lubumbashi hauwezi kulizungumza jambo hili kana kwamba ni geni.

Simon Kimbangu alianza kuhubiri na kuombea wagonjwa huko Nkamba mwezi Aprili 1921. Septemba mwaka uleule alikuwa tayari mikononi mwa Wabelgiji, na tarehe 3 Oktoba mahakama ya kijeshi ikamhukumu viboko 120 kisha kifo. Mfalme Albert wa Kwanza alikibadilisha kifo kuwa kifungo cha maisha, na mfungwa akaletwa kusini, katika gereza la Élisabethville, yaani mji wenu. Alifariki humo tarehe 12 Oktoba 1951, baada ya miaka 30. Sisi Wakatoliki tunapaswa kuisoma historia hii tukiwa tumekaa wima, kwa sababu wamisionari wetu wengi wa wakati ule walitaka azimwe, wakiamini kwamba wanawalinda Wakristo wapya wasipotee. Hoja yao ilikuwa ileile ya wazee wako: roho ni muhimu kuliko uhuru. Matokeo yake tunayajua. Nguvu ya dola haikumrudisha Mkimbangu hata mmoja kwa moyo wake. Wafuasi waliohamishwa na kutawanywa nchini waliibeba imani yao walikopelekwa, na mwaka 1959, miezi michache kabla ya uhuru, utawala uleule ukalitambua Kanisa lao.

Kisha tukageuziwa sisi. Mwaka 1972 Rais Mobutu alipopiga marufuku majina ya Kikristo, Kardinali Malula, askofu mkuu wa Kinshasa, alipinga, akafukuzwa katika makao yake na kulazimika kukaa Roma kwa miezi kadhaa. Mwaka 1974 Noeli iliondolewa katika siku za mapumziko, na shule za makanisa zikachukuliwa na serikali, hadi zilipoanza kurudishwa mwaka 1977. Tulilalamika, na tulikuwa na haki. Tulisema kwamba hakuna chama wala rais anayeweza kuingia katika dhamiri ya Mkristo. Sasa, tukilidai hilo kwa ajili yetu tu, tumedai upendeleo. Uhuru ninaoutetea huanza kuwa haki pale ninapomtetea mtu ambaye ninaamini amekosea.

Na haya si mawazo yangu binafsi. Mtaguso wa pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, katika tamko lake la tarehe 7 Desemba 1965 kuhusu uhuru wa dini, ulifundisha kwamba mtu asilazimishwe kutenda kinyume cha dhamiri yake katika mambo ya dini, iwe na watu binafsi, na makundi ya jamii au na mamlaka yoyote. Familia na ukoo vimo humo. Msingi uliotolewa ni hadhi ya mtu mwenyewe, na kwa hiyo haki hiyo haimtoki hata akiwa amekosea.

Sisi Wakongo tuna mwenyeheri aliyefia jambo hili. Isidore Bakanja alikuwa kijana mfanyakazi wa kampuni ya Wabelgiji. Msimamizi wa shamba alimwamuru aivue skapulari yake, yaani kitambaa kitakatifu kinachovaliwa shingoni, na aache kuwafundisha wenzake sala. Alikataa, akachapwa mpaka vidonda vikaoza, akafa mwaka 1909 akiwa amemsamehe aliyempiga. Kanisa lilimtangaza mwenyeheri mwaka 1994. Tunamheshimu kwa sababu alijua kuna mahali ndani ya mtu ambapo bwana wake hana amri. Sioni jinsi ninavyoweza kuomba maombezi yake asubuhi, kisha jioni nimnyang'anye mtu diploma ili abadilishe mahali anaposali.

Kuhusu mfano wa shimo, nauona una kasoro. Anayevutwa kutoka shimoni ameokoka hata kama hakutaka kuvutwa. Anayevutwa kanisani kwa nguvu bado hajaingia, maana kinachotakiwa huko ni moyo wake. Katika Yohana 6, wengi walipoacha kumfuata Yesu, hakuwafungia njia. Aliwageukia wale Kumi na Wawili akawauliza kama na wao wanataka kwenda. Nimelisoma swali hilo mara nyingi na kila mara linanitetemesha, kwa sababu aliyeuliza alikuwa tayari kusikia jibu la ndiyo.

Mjomba wa Katuba amejibu:

Nawashukuru sana. Mzee wangu wa Kamalondo, nimelikubali neno lako: nitamwendea mimi mwenyewe, bila ujumbe, na nitamwambia wapi ninaona mafundisho yake mapya yanapotoka, kisha nitamsikiliza naye. Kwenye kikao nitasema kwamba sitaongoza safari ya chumba cha maombi, na kwamba yeyote atakayemwita askari atanikuta mimi nimekaa upande wa mpwa wangu, kama ninavyokaa upande wa wafungwa wengine. Ndugu Katekista, habari za gereza letu nitazisoma mbele ya wazee. Baadhi yao wamekaa mji huu maisha yao yote na sidhani wamewahi kuambiwa.

Mama Mwanasheria, limebaki moja. Shemeji yangu anasema diploma ni yake, kwa kuwa yeye ndiye aliyelipa karo. Nimjibu nini?

Mzee wa Kamalondo amejibu:

Mwanangu, mwambie shemeji yako kwamba mimi nililipa karo ya watoto wangu wote na sikumbuki chuo kikiandika jina langu kwenye karatasi zao. Ukihitaji mtu wa rika lake azungumze naye kabla ya Jumapili, niko tayari kuja Katuba.

Mama Mwanasheria (Kampemba) amejibu:

Mzee amelijibu vizuri kuliko kitabu cha sheria. Diploma ni ya mtu ambaye jina lake limeandikwa juu yake. Karo ni wajibu wa malezi ambao mzazi ameutimiza, na hauzai umiliki. Kadi ya mpiga kura isiguswe kabisa, kwa sababu mtu asiye nayo hawezi kujitambulisha kwenye kizuizi cha barabarani, benki, wala kazini. Mshauri shemeji arudishe diploma kabla ya kikao, mbele ya mkewe, bila sharti lolote. Akikataa, mpwa wako anaweza kuomba nakala iliyothibitishwa kutoka chuo alichosoma, ili ajira yake isisimame wakati mnaendelea kuzungumza.

Na ukienda kumwona, muulize kwanza kama kuna mtu amemtishia tayari.