Mkataba wa Abu Dhabi unaisha, narudi Moshi: furaha ipo, hofu ipo

Uru_Mashariki
Wakuu habari zenu. Mkataba wangu wa kazi Abu Dhabi unaisha mwezi wa nane, miaka minne imetimia na sitaki kuongeza. Mke na watoto wapo Moshi mjini, kihamba, yaani shamba la ukoo, kipo Uru. Natamani kufika hata kesho, lakini nikipiga hesabu usiku usingizi unakata: mshahara unakoma, nyumbani wameshazoea kuishi bila mimi, na kila ndugu ana mpango na hela yangu. Nimalize yapi nikiwa huku, na yapi yasubiri? Gari ninalotumia nilete au niuze?

Kijenge_Juu
Mkuu, nusu ya hofu hiyo ni karatasi, na dawa yake iko huko huko.

Anza na kiinua mgongo. Sheria ya Emirati inampa aliyemaliza mwaka mmoja au zaidi mshahara wa siku 21 kwa kila mwaka ndani ya miaka mitano ya kwanza, kisha siku 30 kwa kila mwaka unaofuata. Watu huumia hapa: hesabu inapigwa kwenye mshahara wa msingi, posho ya nyumba na usafiri hazimo. Msingi ukiwa dirham 3,000, siku moja ni 100, siku 21 ni 2,100, miaka minne ni 8,400. Aliyekwisha kumwahidi fundi hela kwa kuangalia mshahara mzima atakuwa na kesi nyumbani. Mwajiri anatakiwa alipe ndani ya siku 14 tangu mkataba uishe, pamoja na likizo ambazo hukuchukua. Usisaini karatasi ya "nimepokea haki zangu zote" kabla hela haijasoma kwenye akaunti.

Kama una mkopo au kadi ya mkopo, funga mapema na udai barua ya benki kwamba hudaiwi. Benki ikijua ajira imekoma inaweza kushikilia hela yote inayoingia. Barua ya uzoefu nayo ichukue mkononi: cheo, tarehe za kuanza na kumaliza, kazi ulizofanya, sahihi na muhuri. Kuifuatilia ukiwa Moshi ni mtihani.

Dirham imefungwa kwenye dola, 3.6725 kwa dola moja, kwa hiyo huna sababu ya kubadilisha zote siku moja. Fungua akaunti ya dola hapa nyumbani, ila usipange kulipa kodi ya nyumba au ada kwa dola. Tangu Machi 2025 bei na malipo ya ndani ni kwa shilingi.

Wakala_Holili
Nijibu la gari. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inampa mkazi anayerejea msamaha wa gari moja. Liwe lako, uwe umelimiliki na kulitumia huko si chini ya miezi 12, na liingie ndani ya siku 90 tangu ufike. Ukichelewa unamwomba Kamishna muda zaidi, usiozidi siku 360 tangu ufike. Pasipoti yenye mihuri, kibali cha ukaazi na kadi ya usajili viwe tayari. Wengi hukwama kwa sababu kadi ina jina la kampuni.

Lakini mimi nasema uza. Usukani wa huko uko kushoto. Jaribu kulipita lori kati ya Boma Ng'ombe na KIA: inabidi utoe gari karibu lote upande wa pili ndipo uone kinachokuja. Friji na mashine ya kufulia ulizotumia leta, umeme ni wa hezi 50 kama wetu na plagi ni zile zile za pini tatu. Vikiwa vipya ndani ya boksi, jiandae kulipia ushuru.

MamaWawili_Soweto
Shemeji, hao wamemaliza ya mifukoni, mimi naongelea sebuleni.

Miaka minne mkeo ndiye aliyelipa ada, akamtafuta fundi bomba, akaamua mtoto alale saa ngapi. Ukishuka na kuanza kupanga upya wiki ya kwanza, ugomvi umeununua. Kaeni kwenye simu kabla hujaja mkubaliane: yapi yanabaki kwake, yapi mnagawana. Shule, dada wa kazi na ratiba usiviguse miezi mitatu ya mwanzo. Mtoto uliyemwacha mchanga usimwadhibu kwanza. Mpeleke shule asubuhi, mfuate jioni, akuzoee.

Hela ya kula ya miezi sita iwe kwenye akaunti ambayo haina kadi. Wanasema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Wa kutoka Uarabuni hupewa kadi ya mchango. Pangeni kiasi cha michango kwa mwezi, kikiisha mkeo na wewe mjibu neno moja.

Unyonge huja baada ya pilikapilika za kufika, wageni wakishaondoka na huna saa ya kuamkia. Tafuta cha kufanya kila asubuhi, hata kama hakilipi bado. Usipolala wiki mbili mfululizo, nenda KCMC au Mawenzi ukamwone daktari, usingoje mpaka uanze pombe.

Uru_Mashariki
Asanteni sana, gari nauza. Na kihamba? Mdogo wangu ndiye analima, nasikia amejenga banda karibu na mpaka.

Kijenge_Juu
Usiende na futi kamba siku ya kwanza. Nenda na mzee wa ukoo na jirani wa kila upande, mpite kwenye masale, ile mimea ya mpaka, mguu kwa mguu. Penye masale yaliyong'olewa mkubaliane na kupanda mengine palepale. Halafu kama eneo bado ni la kijiji, ombeni hati ya haki miliki ya kimila kwenye halmashauri ya kijiji. Ndizi na kahawa za msimu huu mwachie mdogo wako, yeye ndiye aliyepalilia.